Mafumbo ya maneno ya Biblia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa walimu wa shule ya Jumapili, wazazi na viongozi wa vijana wa makanisa ya Nairobi, hasa upande wa Eastlands. Wengine tayari wanatumia mafumbo kufundisha watu na mahali pa Biblia, wengine ndio wanafikiria kuanza. Majina yameandikwa kwa tahajia ya Union Version, isipokuwa pale tulipotaja tafsiri nyingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Fumbo la maneno la Biblia ni mchezo gani?

Ni mchezo ambao jibu lake ni jina la mtu, mji, mlima au mto unaotajwa katika Maandiko. Kuna chemshabongo ya mraba, ambapo majina huandikwa kwa mlalo na kwa wima yakikutana kwenye herufi moja. Kuna kusaka majina yaliyofichwa katikati ya herufi nyingine. Kuna herufi zilizovurugwa, kwa mfano KOZAYA, ambayo ukiipanga vizuri unampata mtoza ushuru mmoja. Na kuna kitendawili, ambacho hakihitaji hata kalamu.

Chemshabongo ya mraba ni changa kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza ilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na aliyeitunga ni Arthur Wynne. Vitendawili babu zetu walikuwa navyo zamani sana kabla ya hapo.

2. Je, huku si kupoteza wakati ambao mtoto angelisoma Neno lenyewe?

Swali hili huulizwa sana na wazee wa kanisa, na lina haki ya kujibiwa vizuri. Jibu la kwanza ni kwamba Biblia yenyewe haiogopi mafumbo. Samsoni aliwategea vijana wa Wafilisti kitendawili cha simba na asali kwenye karamu ya harusi yake (Waamuzi 14). Malkia wa Sheba alikwenda kumpima Sulemani kwa maswali magumu ya namna hiyo hiyo (1 Wafalme 10). Zaburi ya 119 imejengwa juu ya alfabeti: Kiebrania kina herufi 22, kila herufi ikapewa aya 8 zinazoanza nayo, ndiyo maana zaburi hiyo ina aya 176.

Halafu kuna Yeremia. Katika sura ya 25 na ya 51 anataja Sheshaki, na ukiitafuta kwenye ramani hutaipata. Chukua alfabeti ya Kiebrania, badilisha herufi ya kwanza kwa ya mwisho, ya pili kwa ya pili kutoka mwisho, na kuendelea hivyo: Babeli inageuka Sheshaki. Vijana wa sekondari wakionyeshwa hilo hawataki darasa liishe.

Jibu la pili ni kwamba wazee hao wana hoja. Fumbo lisilomfungulisha mtoto Biblia ni kupoteza wakati kweli, na mafumbo mengi yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ni ya aina hiyo. Dawa yake iko katika swali la 5.

3. Nianze na aina gani?

Wengi huanza na kusaka majina kwa sababu ni rahisi kutengeneza na watoto wanatulia. Sisi tunaona ndiyo aina dhaifu kuliko zote kwa kufundisha. Mtoto anaweza kulizungushia duara jina MELKIZEDEKI bila kujua kama huyo ni mtu, mji au ugonjwa. Itumie kupasha moto darasa wakati wengine bado wanafika, au kumfundisha mtoto tahajia ya majina magumu.

Kwa watoto wa miaka 7 hadi 9, herufi zilizovurugwa zenye kidokezo kifupi zinafaa. Kuanzia 10, chemshabongo ndogo ya majina manne au matano. Watu wazima wape ya kawaida, mraba wa 15 kwa 15, na uchapishe kwa herufi kubwa, kwa sababu nyanya wengi wanazijua hadithi hizi kuliko mwalimu na kinachowashinda ni maandishi madogo tu.

4. Na wale ambao hawajajua kusoma?

Hao ndio wenye bahati, kwa sababu kitendawili ni chao. Na katika kitendawili cha Kiswahili kuna kitu ambacho walimu wachache wamekiona: wakishindwa, wanatoa mji. Sharti liwe moja tu, kwamba mji uwe wa Biblia. Inakwenda hivi:

— Kitendawili!
— Tega!
— Nilikuwa mfupi, mti ukanifanya mrefu.
— Goliathi!
— Goliathi mfupi? Nipeni mji.
— Tumekupa Dubai!
— Dubai haimo. Mji wa Biblia.
— Efeso!
— Efeso nilifika, nikakuta Demetrio mfua fedha amewachochea mafundi wenzake, mji mzima unapiga kelele kwa ajili ya Artemi, nikatoka mbio. Jibu ni Zakayo.

Katika zamu moja watoto wamepata mtu mmoja na mji mmoja. Lakini mwalimu ajiandae: kila mji atakaopewa lazima awe na la kusimulia kutoka humo. Uwe na angalau miji kumi kichwani kabla ya kuingia darasani: Yeriko, Ninawi, Babeli, Dameski, Kapernaumu, Kana, Korintho, Filipi, Antiokia, Bethlehemu. Efeso ni Matendo 19.

## Kutunga fumbo lako mwenyewe

5. Kidokezo kizuri kinaandikwaje?

Kazi yote ya kufundisha inafanywa na kidokezo. Miraba ni ya kumvuta mtoto tu.

Kidokezo kibaya ni kile ambacho anayejua atajibu papo hapo na asiyejua hana pa kwenda: "Mtu wa Biblia, herufi 6." Kidokezo kizuri humpa asiyejua njia ya kwenda kutafuta. Kwa hiyo kila kidokezo kiwe na tendo moja la mtu huyo, si cheo chake peke yake, na kiwe na kitabu na sura mwishoni. Usiweke aya. Ukiandika Yoshua 2:1, mtoto anasoma mstari mmoja na kufunga. Ukiandika Yoshua 2, inabidi apitishe macho sura nzima, na humo njiani atakutana na kamba nyekundu dirishani bila wewe kumtuma.

Kwa miji, kidokezo kiseme kilichotokea hapo. "Mji wa Makedonia" ni jiografia kavu. "Mji ambamo Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane (Matendo 16)" kinamwachia mtoto picha, na Makedonia ataikuta humo humo kwenye sura.

Na jambo la mwisho, ambalo walimu wengi huliruka: majibu yakishakamilika, chagua jina moja na mrudi kwenye sura yake mkaisome pamoja kwa sauti. Dakika tano zinatosha.

6. Tuonyesheni mfano mdogo tunaoweza kuutumia Jumapili hii.

Chukua mji mmoja, kusanya watu waliopita humo katika nyakati tofauti, uwafunge pamoja. Yeriko ni mzuri kwa hili:

```
        Z
        A
Y E R I K O
O   A   A
S   H   Y
H   A   O
U   B
A   U
```

Mlalo: Mji ambao Yesu alikuwa akipita katikati yake alipoinua macho akamwona mtu juu ya mkuyu (Luka 19).

Wima kutoka kushoto: Aliyewatuma wapelelezi wawili kwa siri kutoka Shitimu (Yoshua 2). Mwanamke aliyewaficha wageni darini chini ya mabua ya kitani (Yoshua 2). Mkuu wa watoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne (Luka 19).

Tazama yanavyokaa: majina ya wima yameruka mraba mmoja mmoja ili yasigusane, maana yakigusana utahitaji kila herufi mbili zinazopakana ziwe neno, na hapo utakesha. Kisha waulize darasa nani mwingine wa Yeriko anaweza kuongezwa. Yupo Bartimayo aliyeketi kando ya njia (Marko 10) na Elisha aliyeponya maji ya mji (2 Wafalme 2). Mwache mtoto atafute pa kuwapachika na aandike kidokezo chake mwenyewe. Atakayeandika kidokezo hatasahau.

7. Nitumie programu ya mtandaoni au nichore kwa mkono?

Chemshabongo kubwa tumia programu. Utaokoa usiku mzima. Ndogo chora kwenye karatasi ya mraba ya hesabu kisha utoe kopi.

Kwa kusaka majina, angalia jambo moja. Programu nyingi hujaza nafasi zilizobaki kwa herufi za Kiingereza ovyo ovyo, zikiwemo Q na X. Kiswahili hakina herufi hizo, kwa hiyo mtoto mwerevu atazikwepa kwa haraka na majina yatabaki wazi. Badilisha ujaze kwa A, I, U, K, M, N, ambazo ndizo zimejaa katika majina yetu. Ukimaliza soma kila mstari, kwenda na kurudi, kabla ya kutoa kopi. Herufi zikimwagwa ovyo zinaweza kuunda tusi la Kiswahili au la Sheng, na watoto wataliona kabla yako.

8. CH na SH zinakaa mraba mmoja au miwili?

Miwili. Kila herufi mraba wake. Kistari na nafasi havihesabiwi.

## Majina yanayochanganya

9. Kwa nini watoto wawili wanaandika majibu tofauti, na wote wana Biblia mkononi?

Kwa sababu hawana Biblia ya tafsiri moja. Aliye na Union Version anasoma Musa, Haruni, Ibrahimu, Nuhu, Sulemani, Dameski na Rumi. Aliye na Habari Njema anasoma Mose, Aroni, Abrahamu, Noa, Solomoni, Damasko na Roma.

Mara nyingine idadi ya herufi inamwokoa: Haruni ni sita, Aroni ni tano, kwa hiyo mtoto anagundua mapema. Hatari iko kwa yale yanayolingana. Musa na Mose, zote nne. Ibrahimu na Abrahamu, zote nane. Sulemani na Solomoni, nane. Yafa na Yopa, nne. Mtoto anajaza, inaenea sawasawa, anafurahi, halafu jina la wima linamgomea na hajui kosa liko wapi.

Andika juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, tafsiri uliyotumia. Kama darasa lina mchanganyiko, epuka majina haya au yapishanishe na mengine kwenye herufi ambayo tafsiri zote mbili zinayo. Kwa Musa na Mose, pitisha neno jingine kwenye M au S.

10. Watoto wetu wa Nairobi wanajua Moses na John, si Musa na Yohana. Tufanyeje?

Ni kweli, na si kosa lao. Shuleni wanasoma somo la dini kwa Kiingereza, na wengi wao Biblia waliyo nayo ni ile ya kwenye simu ya mama. Kabla ya chemshabongo, wape mchezo wa kuoanisha majina safu mbili, dakika kumi tu.

Waonye kuhusu Yakobo, maana hapo ndipo wanapopotea zaidi. Mtoto aliyezoea Kiingereza anajua Jacob ni mmoja na James ni mwingine kabisa. Kwa Kiswahili wote ni Yakobo. Vivyo hivyo Judah, Judas na Jude wote wanakuwa Yuda. Kidokezo chako kiseme waziwazi ni yupi.

11. Watu wenye jina moja tuwatenganishe vipi?

Kwa tendo na kwa sura, kama ilivyoelezwa katika swali la 5. Wanaosumbua sana ni hawa. Anania wako watatu katika Matendo pekee: mume wa Safira (sura ya 5), yule wa Dameski aliyemwekea Sauli mikono (sura ya 9), na kuhani mkuu aliyeamuru Paulo apigwe kinywani (sura ya 23). Herode wa Mathayo 2 aliyewaua watoto si yule wa Mathayo 14 aliyemkata Yohana kichwa, na wa Matendo 12 ni mwingine tena. Lazaro wa Bethania alifufuliwa. Lazaro wa Luka 16 ni maskini wa katika mfano.

Miji nayo ina majina pacha. Antiokia ya Shamu ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza (Matendo 11), na Antiokia ya Pisidia iko mbali na hapo (Matendo 13). Kaisaria ya Kornelio iko pwani, Kaisaria Filipi iko kaskazini karibu na chanzo cha Yordani. Na jihadhari na herufi ya mwisho: Filipo ni mtu, Filipi ni mji.

12. Mtu aliyebadilishwa jina, tunaandika lipi?

Lile linalotumika katika sura uliyoitaja. Ukitaja Mwanzo 12, jibu ni Abramu. Ukitaja Mwanzo 22, ni Ibrahimu. Mabadiliko haya yenyewe ni mada nzuri ya fumbo zima: Sarai na Sara, Hadasa na Esta, Danieli na Belteshaza, na Luzu uliokuja kuitwa Betheli.

## Mahali

13. Mtoto wangu anaishi Jericho na rafiki yake Jerusalem. Ameuliza kama ndizo za Biblia. Nimwambie nini?

Mwambie mtaa wake umeazima jina. Jericho na Jerusalem za Eastlands ni mitaa jirani, unatoka mmoja kwenda mwingine kwa miguu bila kutokwa jasho. Zile za Biblia ni safari. Yerusalemu iko juu milimani, karibu mita 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko bondeni mwa Yordani, karibu mita 250 chini ya usawa wa bahari. Kati yake ni kama kilomita 27 za mteremko. Mtoto aliyewahi kuteremka kwa matatu kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, masikio yakaziba, ataelewa kwa nini Luka 10 inasema mtu yule alikuwa akishuka kutoka Yerusalemu, na kwa nini mahali pa makorongo kama hapo wanyang'anyi walipapenda.

Ukifundisha Eastlands, tumia bahati hiyo. Katika fumbo andika YERIKO, na waache wenyewe waone lile jina la kwenye kibao cha stendi.

14. Ni lazima kuwe na ramani?

Kwa miji, ndiyo. Ramani zilizo nyuma ya Biblia nyingi zinatosha. Kila mji ukijibiwa, mtoto auwekee kidole kwenye ramani kabla ya kwenda kwenye kidokezo kinachofuata.

Na usiufundishe mji mara moja ukaondoka. Yafa, kwa mfano, ndiyo bandari ambayo mierezi ya Lebanoni ilipelekwa kwa njia ya bahari kwa ajili ya hekalu la Sulemani (2 Mambo ya Nyakati 2). Ndipo Yona alipopanda merikebu ya Tarshishi ili asiende kwa watu wa Ninawi (Yona 1). Na ndipo Petro alipokuwa akikaa, kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, alipoitwa aende kwa Kornelio, mtu wa mataifa, naye akaenda (Matendo 10). Ukiweka vidokezo hivi vitatu kwa jibu hilo hilo moja, vijana wataanza kuulinganisha mwendo wa Yona na wa Petro bila wewe kuhubiri.

## Hali zisizo za kawaida

15. Tumepata fumbo linalouliza majina ya mamajusi. Ni sahihi?

Hapana. Mathayo 2 haitaji majina yao wala idadi yao. Zilizotajwa ni zawadi tatu. Mke wa Nuhu, mke wa Lutu na mke wa Potifa nao hawakutajwa majina. Tunda la Edeni halikuitwa tufaha, na aliyemmeza Yona ni samaki mkubwa. Kama jibu haliwezi kuonyeshwa kwa kidole katika aya, liondoe kwenye fumbo, hata kama kila mtu kanisani analijua.

16. Darasa letu lina Wakatoliki na Waprotestanti.

Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti 66. Ukiuliza kuhusu Yuditi au Tobiti, nusu ya darasa haina pa kutafuta. Kwa darasa la mchanganyiko baki kwenye vile 66.

17. Watoto Waislamu wa ploti yetu wanataka kucheza pia.

Karibu wote wanawajua Ibrahimu, Musa, Yusufu, Daudi, Suleimani na Yunusi, ambaye sisi tunamwita Yona. Mariamu ana sura yake katika Kurani, ya 19, na ndiye mwanamke pekee anayetajwa humo kwa jina. Lakini simulizi hazilingani kila mahali, kwa hiyo ongea na wazazi wao kwanza, chagua vidokezo ambavyo pande zote zinavikubali, na usimlazimishe mtoto wa mwenzio kuchagua kati ya ulichosema wewe na alichofundishwa madrasa.

18. Kwenye mashindano timu zinabishania jibu. Nani anaamua?

Aya ndiyo inayoamua, isomwe kwa sauti mbele ya wote. Ikionekana kidokezo kina majibu mawili, kosa ni la mtunzi na timu zote mbili zipewe alama. "Aliyetwaliwa na Mungu bila kuonja mauti" anaweza kuwa Henoko au Eliya. Hapo idadi ya miraba ndiyo inayookoa, sita au tano. Mtunzi asisahihishe peke yake.

Timu zikifungana kwa alama, tumia jina la mtoto wa Isaya katika Isaya 8. Wasome mara moja, wafunge Biblia, waandike: Maher-shalal-hash-bazi, herufi 19. Vistari havihesabiwi (tazama swali la 8).